John Tengo Jabavu: nasaba, fedha na kalamu ya mhariri wa King William's Town

Mwezi Juni mwaka 1913 Bunge la Muungano wa Afrika Kusini lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Wenyeji, iliyowazuia Waafrika kununua au kukodi ardhi nje ya maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao, na maeneo hayo yote kwa pamoja yalikuwa takriban asilimia 7 tu ya nchi. Viongozi wengi wa Kiafrika waliipinga kwa nguvu zao zote. Mhariri mmoja mkongwe, ambaye kwa karibu miaka 30 alikuwa amewatetea watu weusi akiwa katika mji mdogo wa King William's Town, aliiunga mkono. Huyo alikuwa John Tengo Jabavu, mwanzilishi wa gazeti la Imvo Zabantsundu, yaani Maoni ya Watu Weusi, gazeti la kwanza la Afrika Kusini kumilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika.

Wapinzani wake walilieleza jambo hilo kuwa ni usaliti, na mashabiki wake wakaliita busara ya mtu mzima anayejua wakati wa kuinama. Maelezo yote mawili yanaanzia mwisho wa safari. Uamuzi wa mwaka 1913 ulikuwa tunda la mambo yaliyopangwa muda mrefu kabla, mengine kabla hata Jabavu hajazaliwa: watu aliotoka kwao, misheni iliyowapa watu hao kimbilio, haki ya kura iliyowapa sauti, na marafiki Wazungu waliotoa fedha za kuanzisha gazeti lake. Kwa hiyo hatuna budi kuanza na nasaba, ingawa nasaba yenyewe ina mgogoro wake.

Jabavu alizaliwa tarehe 11 Januari 1859 karibu na Healdtown, kituo cha misheni ya Kimethodisti jirani na mji wa Fort Beaufort, katika Koloni la Cape lililokuwa chini ya Waingereza. Baba yake aliitwa Ntwanambi Jabavu na mama yake Mary Mpinda. Wote wawili walikuwa Wakristo, na walihesabiwa miongoni mwa Wamfengu, na hapa ndipo penye fundo la kwanza, kwa sababu Wamfengu hawakuwa kabila kwa maana ya watu wa babu mmoja.

Kwa mujibu wa simulizi lililozoeleka, Wamfengu walikuwa mabaki ya koo mbalimbali, wakiwamo Wahlubi, Wabhele na Wazizi, waliokimbia vita na njaa zilizoitikisa nchi ya Natal katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, wakati dola ya Wazulu ilipokuwa ikijengeka. Walikuja kusini-magharibi wakiwa hawana ng'ombe wala chifu, wakaomba hifadhi kwa Waxhosa wa Gcaleka waliokuwa chini ya Mfalme Hintsa, nao wakapokewa kama wategemezi wanaochunga mifugo ya wenyeji wao. Mmishonari wa Kimethodisti John Ayliff, aliyekuwa na kituo Butterworth, aliishi kati yao na kuwaona kuwa ni watumwa wanaohitaji kukombolewa. Vita kati ya Waingereza na Waxhosa vilipozuka, Gavana Benjamin D'Urban aliwachukua chini ya ulinzi wake, na mwezi Mei mwaka 1835 wakavuka mto Kei kuingia eneo la koloni, watu wapatao 16,000 pamoja na maelfu ya ng'ombe wa Gcaleka. Hintsa mwenyewe aliuawa na Waingereza mwezi huohuo. Inasimuliwa kwamba tarehe 14 Mei, chini ya mti mkubwa karibu na Peddie, Wamfengu waliapa mambo matatu: kumtii mfalme wa Uingereza, kuipokea dini ya Kikristo na kuwasomesha watoto wao. Katika karne ya 20 siku hiyo ikawa sikukuu yao.

Tangu miaka ya 1980 baadhi ya wanahistoria wamelitilia shaka simulizi hilo. Julian Cobbing, katika hoja alizozichapisha mwaka 1988, alidai kwamba habari za vita vya Wazulu zilitiwa chumvi ili kuficha uvamizi wa Wazungu wenyewe waliokuwa wakitafuta vibarua na ardhi, na wengine waliomfuata wakasema kwamba sehemu kubwa ya waliovushwa mwaka 1835 walikuwa Waxhosa waliotekwa au waliojisalimisha, wakapewa jina la wakimbizi ili kazi yao ionekane halali. Wapo waliomjibu Cobbing kwa kusisitiza kwamba kumbukumbu za koo za Natal ni za kweli na haziwezi kufutwa kwa nadharia moja. Kwa maoni yangu, ushahidi unaelekea kuonyesha kwamba mambo yote mawili yalitokea: wakimbizi walikuwapo, na jina la Mfengu lilikuwa pia mlango ambao mtu yeyote aliyekata tamaa angeweza kuupitia ili awe upande wa koloni. Tofauti kati ya aliyekuja kutoka Natal na aliyebadili upande ilififia ndani ya kizazi kimoja.

Vyovyote itakavyokuwa, kilichokuwa wazi ni nafasi waliyopewa. Wamfengu walipewa ardhi zilizonyang'anywa Waxhosa, wakapigana upande wa Waingereza katika vita vilivyofuata, na mwaka 1856 na 1857, pale Waxhosa wengi walipochinja ng'ombe wao na kuharibu nafaka kwa kuufuata unabii wa msichana Nongqawuse, Wamfengu kwa sehemu kubwa hawakushiriki. Inakadiriwa kwamba Waxhosa wapatao 40,000 walikufa kwa njaa. Ardhi zaidi ikabaki wazi, na sehemu yake ikawaangukia Wamfengu. Mtoto aliyezaliwa Healdtown mwaka 1859 alizaliwa katika jamii iliyokuwa ikipanda huku majirani zake wakizama, na majirani hao hawakusahau.

Healdtown yenyewe ilianzishwa mwaka 1855 na John Ayliff, mmishonari yuleyule wa kuvuka Kei. Uhusiano huu haupewi uzito unaostahili. Mtu aliyewaongoza watu wa kizazi cha babu zake Jabavu kuingia kwenye koloni ndiye aliyejenga shule ambamo mjukuu wao alijifunza kusoma. Kwa familia za namna hii, Kanisa, shule na serikali ya Uingereza havikuwa vyombo vitatu tofauti vilivyoletwa na wageni. Vilikuwa mkataba mmoja, na mkataba huo ulikuwa umetimizwa kwa kiasi cha kutosha kuufanya uaminike.

Jabavu alipata cheti cha ualimu Healdtown mwaka 1875 akiwa na umri wa miaka 16, akapelekwa kufundisha Somerset East. Huko ndiko alikopatana na kazi ya magazeti. Alijiweka kuwa mwanagenzi katika ofisi ya gazeti la mji huo, akifanya kazi ya chapa nje ya saa zake za shule, na wakati huohuo akawa anapeleka barua kwenye gazeti kubwa la Cape Argus. Ofisi za magazeti ya miji midogo wakati ule zilikuwa karakana zaidi kuliko ofisi. Mwanagenzi alisimama mbele ya kasha la herufi za risasi, akaziokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume katika kishikio cha chuma alichokishika kwa mkono wa kushoto, akafunga mistari, akapaka wino, na baada ya kuchapa akazirudisha herufi zote kila moja katika kijumba chake. Aliyejifunza uhariri kwa njia hiyo alijua bei ya kila neno, kwa maana halisi ya muda na karatasi, na mtindo wa Jabavu ulibaki na alama hiyo: mrefu inapobidi kumshawishi msomaji, lakini hauchezi.

Mwaka 1881 aliitwa Lovedale, chuo cha misheni ya Waskoti karibu na mji wa Alice, ahariri Isigidimi samaXhosa, gazeti la Kixhosa lililokuwa mali ya misheni. Mhariri aliyemtangulia alikuwa Mchungaji Elijah Makiwane, jina ambalo tutalirudia. Akiwa hapo alijiandaa kwa mtihani wa kuingilia chuo kikuu na kuufaulu mwaka 1883, akiwa Mwafrika wa pili kufanya hivyo katika koloni. Tatizo lilikuwa siasa. Mkuu wa Lovedale, James Stewart, alitaka gazeti la mafundisho na habari njema, naye Jabavu alitaka kuwaeleza wasomaji wake ni mgombea gani anayestahili kura yao.

Neno kura linahitaji maelezo, kwa sababu bila hilo maisha yote ya mtu huyu hayaeleweki. Katiba ya Koloni la Cape ya mwaka 1853 haikutaja rangi. Mwanamume yeyote mwenye mali isiyohamishika ya thamani ya pauni 25, au mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, aliweza kuandikishwa. Kiwango hicho kiliwafikia Wamfengu wengi wa misheni waliokuwa na mashamba, nyumba za matofali na mikokoteni ya kubebea mizigo. Katika majimbo ya mashariki ya koloni, kura zao ziliweza kumwingiza au kumtoa mbunge. Hakuna Mwafrika aliyewahi kukaa katika Bunge hilo, lakini walikuwapo wabunge Wazungu waliojua kwamba bila kura za Waafrika wasingekuwa pale.

Kulikuwa na sababu nyingine ya watu hao kuanza kuitegemea kura. Katika vita vya 1877 na 1878 Wamfengu walipigana tena upande wa koloni, na mara baada ya vita serikali ikaamuru Waafrika wote wasalimishe silaha zao, wao wakiwamo. Kwa jamii iliyokuwa imejenga hadhi yake juu ya utii, lilikuwa pigo la uso. Bunduki ilipoondoka mkononi, kilichobaki kilikuwa sanduku la kura na barua kwa mhariri, na kizazi cha Jabavu, vijana wenye vyeti, ndicho kilichojua kuvitumia vyote viwili.

Mwanzoni mwa mwaka 1884 Jabavu alimfanyia kampeni mwanasheria kijana James Rose Innes katika jimbo la Victoria East, na kura za Waafrika zikamwingiza bungeni. Ndugu yake Rose Innes, Richard, alikuwa wakili King William's Town. Yeye pamoja na mfanyabiashara James Weir walitoa dhamana na fedha, na tarehe 3 Novemba 1884 toleo la kwanza la Imvo Zabantsundu likatoka. Mhariri na mmiliki wake alikuwa na umri wa miaka 25.

King William's Town, ambao tangu mwaka 2021 unaitwa rasmi Qonce, ulikuwa mji mdogo ukingoni mwa mto Buffalo, ulioanzia kwenye kituo cha misheni na baadaye kuwa makao ya jeshi la Waingereza. Ulikuwa na maduka ya jumla yaliyowauzia Waafrika mablanketi na majembe na kununua pamba ya kondoo na ngozi kutoka kwao. Wenye maduka hayo walikuwa na sababu ya kibiashara ya kutaka Mwafrika awe mkulima mwenye fedha mfukoni kuliko kuwa kibarua asiye na kitu. Hilo halimaanishi kwamba urafiki wao na Jabavu ulikuwa wa hila. Linaonyesha tu kwamba uliberali wa Cape ulikuwa na rafu za duka nyuma yake, na kwamba gazeti lililoishi kwa dhamana zao na matangazo yao lilikuwa limefungamana nao tangu siku ya kwanza.

Imvo lilitoka kila wiki, kurasa zikigawanywa kati ya Kixhosa na Kiingereza. Mgawanyo huo ulikuwa na mpango wake. Upande wa Kixhosa ulizungumza na walimu, wachungaji, makarani na wakulima, ambao nao waliwasomea kwa sauti majirani wasiojua kusoma, na ulibeba barua, habari za misiba, mabishano ya lugha na taarifa za mahakama na Bunge. Upande wa Kiingereza uliandikwa ili usomwe na mahakimu, wabunge na wahariri wa magazeti ya walowezi, ambao kwa mara ya kwanza walilazimika kumjibu Mwafrika aliyewajibu kwa lugha yao na kwa kuitaja sheria yao kifungu kwa kifungu.

Mtihani wake wa kwanza mkubwa ulikuja mwaka 1887, serikali ya Waziri Mkuu wa koloni, Gordon Sprigg, ilipopitisha sheria ya uandikishaji wa wapiga kura. Sheria hiyo ilisema kwamba ardhi inayomilikiwa kwa pamoja kwa desturi ya jamii isihesabiwe kuwa sifa ya kupiga kura, na hivyo kuwafuta maelfu ya Waafrika katika daftari kwa mkupuo. Waathirika waliiita sheria ya kushona midomo. Jabavu aliongoza upinzani: alihamasisha vyama vya uangalizi katika wilaya mbalimbali, akasaidia kuandaa mkutano wa wajumbe King William's Town mwezi Oktoba mwaka huo, na akachapisha malalamiko yaliyoelekezwa kwa Malkia Victoria. Mwaka 1892 kiwango cha mali kilipandishwa hadi pauni 75 na sharti la kuweza kuandika jina, anwani na kazi likaongezwa. Mwaka 1894 ikaja Sheria ya Glen Grey ya Cecil Rhodes, tajiri wa madini aliyekuwa wakati huo waziri mkuu wa koloni, iliyogawa ardhi ya Waafrika kwa mtu mmoja mmoja bila ardhi hiyo kuhesabiwa kuwa sifa ya kura. Kila mara Imvo lilipinga, na kila mara njia yake ilikuwa ileile ya kuwategemea wabunge marafiki, hasa Rose Innes, John X. Merriman na J. W. Sauer.

Tukiwa hapa inafaa tutazame nyumba yake, kwa maana siasa za kundi hili zilipitia pia kwenye ndoa. Mwaka 1885 Jabavu alimwoa Elda Sakuba, binti wa Mchungaji James Sakuba wa Kanisa la Kimethodisti, wakapata wana wanne. Elda alifariki mwaka 1900. Ndoa hiyo ilikuwa ya kawaida kwa watu wa tabaka lao, waliojulikana kama watu wa shule, tofauti na wale waliobaki na desturi za zamani na kujipaka udongo mwekundu. Watu wa shule walikuwa wachache, walisoma katika vyuo viwili au vitatu, waliandikiana barua, walichapisha mashairi ya wenzao, wakaoana. Kitinda mimba wa mchungaji mmoja akiolewa na mtoto wa mwalimu mwingine, ofisi ya gazeti, mimbari na darasa vikawa mali ya familia zilezile. John Knox Bokwe, mtunzi wa nyimbo za Kanisa aliyetoka Lovedale, aliingia ubia na Jabavu katika Imvo mwishoni mwa miaka ya 1890. Mtoto mkubwa wa Jabavu, Davidson Don Tengo, aliyezaliwa Oktoba 1885, alikuja kumwoa Florence Thandiswa, binti wa Elijah Makiwane, yule aliyemtangulia baba yake katika kiti cha uhariri cha Isigidimi. Watoto wa ndoa hiyo walikuwa wajukuu wa wahariri wa gazeti moja kwa upande wa baba na upande wa mama. Dada yake Florence, Cecilia Makiwane, mwaka 1908 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza Afrika Kusini kusajiliwa kuwa muuguzi.

Kundi dogo lenye kujuana hivyo likigombana, ugomvi unakuwa mkali. Mwaka 1897 gazeti pinzani, Izwi Labantu, lilianzishwa East London. Waliokuwa nyuma yake walikuwa watu wenye nasaba za kutajwa: Nathaniel Cyril Mhala, mtoto wa chifu wa Waxhosa aliyepigana na Waingereza; Allan Kirkland Soga, mtoto wa Mchungaji Tiyo Soga na mke wake Mskoti Janet Burnside; pamoja na Mchungaji Walter Rubusana. Wengi wameueleza ugomvi wa Izwi na Imvo kuwa ni wa Waxhosa dhidi ya Wamfengu. Kumbukumbu za mwaka 1835 na 1857 zilikuwapo kweli, na kila upande ulijua kuzichokonoa ulipotaka kumuumiza mwenzake. Ila tukiishia hapo tunakosea, kwa sababu fedha za Izwi zilitoka kwa Cecil Rhodes, yaani kwa mwenye Sheria ya Glen Grey. Wajukuu na watoto wa waliopigana na Waingereza walikuwa wakichapisha kwa fedha za beberu mkubwa kuliko wote kusini mwa Afrika, huku mtoto wa Wamfengu, watiifu wa Uingereza, akielekea upande wa Makaburu.

Alifikaje huko? Baada ya kushindwa kwa uvamizi wa Jameson, yaani jaribio la watu wa Rhodes mwishoni mwa mwaka 1895 la kuiangusha serikali ya Makaburu nchini Transvaal, Rhodes alitengana na chama cha Makaburu wa Cape, Afrikaner Bond. Merriman na Sauer, marafiki wa Jabavu, wakajiunga na Bond kumpinga. Rose Innes hakwenda nao. Jabavu alilazimika kuchagua, na katika uchaguzi wa mwaka 1898 Imvo liliwataka wasomaji wake waunge mkono upande wa Merriman na Sauer, yaani upande wa Bond, chama ambacho kwa miaka mingi lilikuwa limekieleza kuwa adui wa kura ya Mwafrika. Jan Hofmeyr, kiongozi wa Bond, alikuwa ametoa kauli ya upole kuhusu wapiga kura weusi, na Jabavu akaichukua kama ahadi. Wasomaji wengi hawakuweza kumfuata. Alikuwa amewafundisha kwa miaka 14 wawapime wabunge kwa matendo yao, na sasa aliwaomba wawapime kwa marafiki zao.

Vita vya Makaburu na Waingereza vilipoanza mwaka 1899, Imvo lilichukua msimamo wa kutovitaka. Agosti 1901 wakuu wa jeshi walilifunga chini ya sheria ya kijeshi, na halikurudi mitaani hadi Oktoba 1902. Kwa hiyo mtu ambaye baadaye angeitwa kibaraka aliwahi kufungiwa gazeti kwa miezi 14 kwa sababu ya kutokubaliana na himaya, jambo ambalo wanaomhukumu kwa mwaka 1913 peke yake hulipita haraka. Karibu na wakati huohuo mtoto wake mkubwa alinyimwa nafasi katika shule ya wavulana ya Dale College, mjini kwao, kwa sababu ya rangi yake. Baba akampeleka Wales mwaka 1903, na kijana huyo alihitimu Chuo Kikuu cha London mwaka 1912.

Mwaka 1909 Jabavu na Rubusana, mahasimu wa miaka mingi, walisafiri kwenda London katika ujumbe mmoja, pamoja na W. P. Schreiner, waziri mkuu wa zamani wa Cape, na Dakta Abdullah Abdurahman, kiongozi wa machotara wa Cape, kupinga rasimu ya katiba ya Muungano iliyowaruhusu Wazungu pekee kuwa wabunge. Walishindwa. Miaka miwili baadaye alirudi London kuhudhuria Kongamano la Mataifa Yote, lililojadili uhusiano wa watu wa rangi mbalimbali duniani. Viongozi wenzake walipokutana Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912 kuunda chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress, yeye hakujiunga, akaanzisha chama chake. Hapa sioni nasaba wala fedha. Naona mtu aliyekaribia umri wa miaka 53, aliyezoea kuwa sauti pekee na asiyetaka kuwa mmoja wa wajumbe.

Ndipo ikaja sheria ya ardhi. Waziri aliyeipeleka bungeni alikuwa J. W. Sauer, rafiki yake wa zaidi ya robo karne. Jabavu aliamini, au alijiaminisha, kwamba Sauer asingekubali sheria ya kuwaangamiza Waafrika, na kwamba kutenga ardhi kungewalinda dhidi ya kununuliwa yote. Ni kweli pia kwamba katika Jimbo la Cape athari haikuwa sawa na kwingineko: kwa kuwa kumiliki ardhi kulikuwa sifa ya kupiga kura, na kura hiyo ililindwa na katiba, mwaka 1917 mahakama iliamua kwamba katazo la kununua ardhi halikuweza kutumika huko. Aliyetazama kutoka King William's Town aliona madhara madogo kuliko aliyetazama kutoka Orange Free State, ambako familia za wakulima wa nusu kwa nusu zilifukuzwa mashambani na mifugo yao ikifia njiani. Lakini mhariri hana ruhusa ya kutazama kutoka dirishani kwake tu, na Sol Plaatje, mwandishi na katibu wa chama kile kilichoundwa Bloemfontein, aliyezunguka na kuwaona watu hao barabarani, alimshambulia kwa maandishi bila huruma. Sauer alifariki Julai 1913, wiki chache baada ya sheria kupita, na Jabavu akabaki kuitetea kazi ya marehemu.

Mwaka 1914 alifanya kosa ambalo hata mashabiki wake hawakulisamehe. Rubusana alikuwa amechaguliwa mwaka 1910 kuwakilisha Tembuland katika Baraza la Jimbo la Cape, Mwafrika wa kwanza na wa mwisho kuchaguliwa kuingia humo. Jabavu aligombea dhidi yake. Kura za Waafrika ziligawanyika, na mgombea Mzungu akashinda.

Haki inataka tutaje pia kilichosimama. Tangu mwaka 1905 Jabavu alikuwa ametumia muda mwingi kukusanya fedha na kuwashawishi machifu, makanisa na serikali waanzishe chuo cha elimu ya juu kwa ajili ya Waafrika. Februari 1916 chuo hicho kilifunguliwa Fort Hare, Alice, na mtoto wake Davidson akawa miongoni mwa walimu wake wa kwanza kabisa na baadaye profesa. Nelson Mandela, aliyepitia Healdtown kabla ya kufika Fort Hare, alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Ni nyumbani kwa mtoto huyo, hapo Fort Hare, ambako John Tengo Jabavu alifariki tarehe 10 Septemba 1921. Mwaka uliofuata Davidson alichapisha wasifu wa baba yake, ambao hadi leo ndio unaobeba habari nyingi za utoto wake. Ni kazi ya mwana anayemtetea mzazi, na inafaa isomwe hivyo.

Imvo lilirithiwa na mtoto mwingine, Alexander Macaulay, aliyelihariri kwa miaka mingi na kwa wakati fulani akawa kiongozi katika chama cha wafanyakazi cha ICU (Industrial and Commercial Workers' Union), mahali ambapo ni vigumu kumfikiria baba yake. Baada ya kutoka mikononi mwa familia gazeti lilibadilisha wamiliki, likadumu hadi miaka ya 1990. Kura yenyewe haikudumu hivyo. Desemba 1935 Davidson alichaguliwa kuongoza Mkutano Mkuu wa Waafrika Wote uliokusanyika Bloemfontein kuitetea, na mwaka 1936 Bunge likawaondoa wapiga kura Waafrika wa Cape katika daftari la pamoja.

Binti yake Davidson, Noni, aliyezaliwa mwaka 1919, alipelekwa Uingereza akiwa na umri wa miaka 13. Mdogo wake aliolewa Uganda, na Noni mwenyewe aliishi huko kwa muda, akaandika juu ya Afrika Mashariki na juu ya nyumbani kwao katika vitabu viwili vya kumbukumbu vilivyotoka miaka ya 1960. Mwaka 1961 alishika uhariri wa jarida la The New Strand mjini London, na mwaka 1977 akawa mwandishi wa safu ya kila wiki katika gazeti la Daily Dispatch, linalochapishwa East London, mji uleule ambako wapinzani wa babu yake walikuwa wakichapisha Izwi Labantu.